Supavaiza anasema walikula samaki wa baharini, namba zangu za isotopu zinasema nini hasa?

*"Shikamoo Dokta. Nafanya masters ya akiolojia. Nina mifupa ya watu 11 kutoka makaburi ya miaka kama 800 iliyopita, eneo la savana kavu, kilomita kama 150 kutoka baharini. Maabara imenirudishia kaboni na naitrojeni za kolajeni, ile protini ya mfupa. Wastani wa watu wazima ni kaboni −9.6 na naitrojeni 11.3. Kuna mtoto wa kama miaka 2 ana naitrojeni 13.9, na mtu mzima mmoja yuko peke yake kabisa, kaboni −14.2, huyo sijamuweka kwenye wastani. Wanyama ninao watatu tu, ng'ombe wawili (wastani −8.4 na 8.0) na mbuzi mmoja (−13.5 na 7.6). Supavaiza anasema kaboni ya juu hivyo ni samaki wa baharini, na kweli nikiweka kwenye programu ya kugawa vyanzo vya chakula inanipa samaki 58%. Lakini hatukupata mfupa hata mmoja wa samaki. Mwenzangu anasema nisijisumbue, isotopu za mifupa ya zamani hivyo zimeshaoza. Niandike samaki? Maabara wamenipa pia oksijeni ya mfupa, naweza kusema kulikuwa na ukame? Na tuna tarehe mbili za kaboni 14 za mifupa hiyohiyo, supavaiza anataka tuzirekebishe kwa bahari."*

Marahaba. Kwanza hongera kwa kupima wanyama, hata kama ni watatu, maana watu wengi wananiletea namba za binadamu tupu halafu wanataka nisome menyu. Jibu fupi ni hapana, usiandike samaki. Sisemi haiwezekani mtu wa kilomita 150 akala samaki, wakavu wanasafiri mbali sana, ila kwenye data uliyonipa hakuna kitu kinachomhitaji samaki ili kieleweke. Na ngoja nikuudhi kidogo mapema, hata nafaka nayo hujaithibitisha, tutafika huko.

Tuanze na mwenzako maana yeye ni rahisi. Amechanganya kaboni 14 na kaboni 13, ambazo ni isotopu, yaani aina za atomu za kaboni zinazotofautiana uzito. Kaboni 14 ndo inaoza, kila miaka kama 5,730 inabaki nusu, na ndo maana inatumika kupimia umri. Kaboni 12 na 13 haziozi kabisa, wala naitrojeni 14 na 15, zingekaa kwenye mfupa hata miaka milioni zingebaki vilevile. Karibu 1.1% ya kaboni yote duniani ni kaboni 13, na sisi tunachopima ni mabadiliko madogo sana ya uwiano huo, madogo mpaka tunayaandika kwa elfu badala ya kwa mia, yakilinganishwa na kipimo cha kimataifa. Kwa hiyo −9.6 maana yake sampo yako ina kaboni 13 pungufu ya hicho kipimo kwa sehemu 9.6 kwa elfu. Basi, hamna mionzi wala nini.

Kinachooza ni kolajeni yenyewe, ile protini, na hapo mwenzako amegusa jambo la kweli bila kujua. Kolajeni ikiharibika, au ikiingiwa na uchafu wa udongo, au mafuta yakibaki humo, namba inatoka tu kama kawaida, mashine haikwambii. Sasa fungua ile eksel ya maabara, usiangalie safu za delta (hizo namba kama −9.6), nenda kwenye asilimia ya kaboni na asilimia ya naitrojeni. Chukua ya kaboni gawanya kwa ya naitrojeni, halafu zidisha kwa 1.17, hiyo hatua ya mwisho wanafunzi wengi wanairuka kwa sababu maabara nyingi zinatoa asilimia za uzito wakati sisi tunataka uwiano wa atomu. Mfano kaboni 42% na naitrojeni 15.3% inakupa 2.75, ukizidisha unapata 3.2, safi kabisa. Tangu mtafiti DeNiro alipoandika mwaka 1985 tunakubali kati ya 2.9 na 3.6. Hukuniambia uwiano wa yule mwenye −14.2, na mimi ningeuangalia kabla ya kula chakula cha mchana. Ukikuta ni 3.9 hivi huyo sio mgeni wala mtu wa tabaka lingine, ni sampo mbovu, mafuta na uchafu wa udongo kwa kawaida vinaivuta kaboni kwenda chini, mtoe kwenye chati na uandike kwanini umemtoa. Ukikuta 3.2 hapo sasa una stori, na mtu wa kwenda kumpima strontiamu kwenye jino uone kama utoto wake aliukulia kwenye miamba mingine.

Haya, turudi kwa samaki. Ili uelewe kwanini supavaiza anasema hivyo, inabidi ujue namba ya kaboni inatengenezwaje, na inatengenezwa kwenye jani, sio mdomoni. Mimea inavuta hewa ya ukaa, na kaboni 12 kwa kuwa ni nyepesi inashikwa haraka kuliko 13. Miti, mizizi mingi, kunde, ngano, mchele, hao wanatumia njia tunayoiita C3, kimeng'enya chao kinabagua sana, wanaishia karibu −27. Nyasi za nchi zenye joto, mtama, uwele, ulezi, mahindi, miwa, hao ni C4, wana hatua ya ziada ya kuikamata hewa ya ukaa na kuifungia ndani, ubaguzi unakuwa mdogo, wanaishia karibu −12 au −13. Katikati hapo kuna pengo, hawagusani kabisa, na pengo hilo ndo linafanya kazi yetu yote iwezekane. Mla majani akila, kolajeni yake inapanda kama 5 juu ya chakula chake, kwa hiyo mnyama wa C4 mtupu anakaa karibu na −7 na wa C3 mtupu karibu na −21 au −22. Angalia ng'ombe wako, −8.4, hao walikuwa wanakula zaidi nyasi. Mbuzi −13.5 alikuwa anachanganya nyasi na majani ya vichaka, tabia ya mbuzi.

Sasa bahari. Kaboni ya baharini chanzo chake kikubwa kimeyeyuka kwenye maji na imeanzia juu kuliko ya hewani, kwa hiyo watu wanaoishi kwa samaki wa bahari kuu kolajeni yao inafika karibu −12. Mwaka 1981 Henrik Tauber alionyesha Denmark kwamba watu wa kabla ya kilimo walikuwa na kaboni ya juu na wakulima waliowafuata kaboni ya chini, akasema wa kwanza walikula bahari, na alikuwa sahihi kwa sababu pale hapakuwa na C4 ya maana. Lakini miaka minne kabla, 1977, Vogel na van der Merwe walikuwa wameona kaboni inapanda hivyohivyo kwenye mifupa ya jimbo la New York, na jibu lilikuwa mahindi. Kupanda kulekule, maana mbili tofauti, kwa sababu kilichokuwepo mezani kilikuwa tofauti. Sheria ya supavaiza wako ni ya Denmark, mtu amejifunza kwenye vitabu vya Ulaya ya kaskazini akaipeleka savana. Halafu kuna hili ambalo naona hamjaliona nyote wawili, watu wako wako kwenye −9.6, yaani JUU ya −12. Samaki wa bahari kuu wangewavuta kwenda chini, sio kuwapandisha! Kuna samaki wa miamba ya matumbawe na wa kwenye majani ya baharini ambao kaboni yao iko juu zaidi na naitrojeni yao sio kubwa, hao ndo wangekusumbua kweli, sasa ulizia kama ndo hao supavaiza anaowazungumzia.

Naitrojeni ndo inamaliza ubishi, au karibu. Kila ukipanda ngazi moja ya nani anamla nani, naitrojeni 15 inaongezeka kama 3 mpaka 5, kwa sababu mwili unatoa naitrojeni nyepesi kwenye mkojo na nzito inabaki. Watu wako wana 11.3, ng'ombe 8.0, tofauti 3.3. Ngazi moja. Nyama na maziwa ya mifugo hiyohiyo vinatosha kuieleza. Mtu akiiona 11.3 peke yake akiwa amezoea nchi zenye mvua anaweza kushtuka akasema huyu kala samaki, ila kwenye nchi kavu naitrojeni ya mimea yenyewe inakuwa juu, na shamba likiwekwa samadi inapanda zaidi, ndo maana ng'ombe wako, ambao nina hakika hawakula samaki, tayari wana 8. Kwa hiyo usisome namba ya mtu, soma umbali kati ya mtu na mnyama wa palepale.

Na yule mtoto, tafadhali asigeuzwe kuwa mvuvi. 13.9 toa 11.3 ni 2.6, huyo ni mtoto aliyekuwa ananyonya au ndo ameachishwa karibuni. Mtoto anayenyonya anamla mama yake kwa lugha ya isotopu, anakaa ngazi moja juu yake. Mtenge kwenye kundi la watu wazima, muandikie aya yake peke yake, maana ni taarifa nzuri sana kuhusu kunyonyesha.

Programu iliyokupa 58% haijadanganya, imefanya ulichoiambia. Ni kama mtu aliyeambiwa agawe bili kwa waliokaa mezani tu, aliyekula akaondoka hatadaiwa na aliyekaa bila kula atalipa. Ukiiwekea samaki itampa samaki fungu, lazima jumla ifike 100. Itoe samaki, weka maziwa na nyama ya ng'ombe kwa namba zako mwenyewe, uendeshe tena, utaona inaridhika vilevile. Kama majibu mawili yanatosha sawa basi data haichagui, na hilo ndo la kuandika.

Halafu nahisi mimea uliyoweka ni ya leo. Wengi wanafanya hivyo. Tangu tuanze kuchoma makaa ya mawe na mafuta, hewa ya ukaa imeshuka kaboni 13, kutoka karibu −6.5 mpaka chini ya −8, kwa hiyo mmea wa leo uko chini ya wa miaka 800 iliyopita kwa kama 2. Tufanye hesabu pamoja uone ukubwa wake. Kolajeni −9.6 toa 5, chakula kilikuwa −14.6. Ukitumia mimea ya leo, −27 na −12.5, C4 inatoka 86%. Ukiongeza 2 kwa kila upande, yaani −25 na −10.5, inatoka 72%. Asilimia 14 zimetoweka kwa kusahau viwanda tu! Na ile 5 nayo ni makadirio, ukiweka 4 unapata 79%, ukiweka 6 unapata 65%. Kwa hiyo ukija kuandika "walikula C4 kwa 71.7%" nitajua hujalala vizuri. Andika sehemu kubwa ya protini yao ilitokana na C4, basi.

Nimesema protini kwa makusudi, na hapa ndo lile la kukuudhi. Kolajeni inajengwa zaidi na protini ya chakula, sio chakula chote. Mtu anayekula mizizi ya porini kutwa nzima halafu jioni anakunywa maziwa, kolajeni yake itaonyesha zaidi maziwa, yaani nyasi alizokula ng'ombe. Kwa hiyo C4 unayoiona inaweza kuwa mtama, inaweza kuwa nyasi zilizopitia tumbo la ng'ombe, na kolajeni peke yake haitakwambia. Madini ya enameli, lile gamba gumu la nje la jino, yanachukua kaboni ya chakula chote, wanga na mafuta ndani, kwa hiyo ukipima enameli na kolajeni za mtu mmoja ukazilinganisha unaanza kutenganisha, ila kumbuka jino na mfupa sio umri mmoja. Taji la gego la kwanza linaumbwa kuanzia karibu na kuzaliwa mpaka kama miaka 3, wakati mfupa wa paja la mtu mzima una wastani wa miaka kumi na zaidi. Ukipima gego la kwanza utapata tena kunyonya! Chukua gego la mwisho ukiweza.

Mimi naamini kazi hii ina nguvu zaidi kukataa kuliko kuthibitisha. Lile fuvu la jamaa wa kale wa binadamu alilolipata Mary Leakey Olduvai mwaka 1959, lenye mataya na magego makubwa kupita kiasi, wakalipachika jina la mpasua karanga, miaka mingi kila mtu anajua kwamba jamaa alikuwa anavunja vitu vigumu. Mwaka 2011 timu ya mtafiti Cerling ikapima enameli ya meno ya spishi hiyo kutoka Kenya ikakuta C4 ni karibu 77%. Karanga za miti ni C3, kwa hiyo hadithi ya karanga kama chakula kikuu ikafa. Lakini alikula nini hasa, nyasi, mafunjo, mizizi yake? Bado watu wanabishana, kwa sababu namba imefunga mlango mmoja na haijafungua ule mwingine.

Oksijeni ya mfupa naomba uiache. Madini ya mfupa yamejaa vitobo na yanabadilishana oksijeni na maji ya ardhini miaka yote 800, kwa hiyo unaweza kuwa unapima maji ya kaburi. Enameli ni kama 96% madini na imeshikana, hiyo inaaminika zaidi. Hata hivyo enameli ya binadamu ni mbaya kwa ukame, sisi tunachemsha maji, tunapika pombe, tunasindika vitu, na vyote hivyo vinapandisha oksijeni 18, ile nzito. Mfalme Richard III wa Uingereza walipompima, ubavu wake ulitofautiana na paja, na watafiti wakaeleza oksijeni iliyopanda miaka yake ya mwisho kwa divai, sio kwa mvua kupungua Uingereza. Ukitaka ukame tumia wanyama. Twiga anapata maji mengi kwenye majani, na jani likipigwa jua maji mepesi yanatoka kwanza, oksijeni nzito inabaki, kwa hiyo nchi ikikauka twiga anapanda. Kiboko anakaa mtoni hana habari. Tofauti kati ya wanyama wa aina hizo mbili ndo kipimo kilichopendekezwa mwaka 2006 na Levin na wenzake, na ni kizuri kwa sababu hakikulazimishi kujua mvua ilianzia namba gani. Kama huna wanyama pori wa hivyo, jino moja refu la ng'ombe likikatwa vipande vidogo kutoka juu kwenda chini litakuonyesha misimu ikipanda na kushuka, sio ukame wa karne, lakini ni kitu cha kweli.

Kwenye tarehe ndo nataka uwe mkali kidogo, kwa heshima. Maji ya bahari yanabeba kaboni ya zamani, kwa hiyo mla samaki anaonekana mzee kuliko alivyo kwa miaka mia kadhaa, na marekebisho ya bahari yanamrudisha ujanani. Ukiyafanya kwa mtu ambaye hakula samaki unamsogeza kwenye karne ambayo sio yake, na makaburi yako yatahamia kwenye kipindi kingine cha historia kwa sababu ya ile 58%. Tafuta mkaa au mbegu iliyoungua au mfupa wa ng'ombe kutoka kaburi moja na mmoja wa wale wawili, pima tarehe yake. Zikilingana bila marekebisho, samaki hakuwa chakula kikuu. Nadhani hata supavaiza atalipenda hili kuliko kubishana, na wewe huhitaji kumwambia amekosea, mwambie tu unataka kujaribu hoja yake.

Kuna isotopu za salfa pia, bahari iko karibu +21 na inatenganisha vizuri, japo upepo wa chumvi unaweza kuibeba kwenda nchi kavu, kwa kilomita 150 sina wasiwasi sana. Na kuna kupima amino asidi mojamoja, yaani vile vipande vinavyojenga protini, hiyo ndo bora kuliko zote ila ni ghali na maabara chache zinafanya, kwa masters sikushauri. Kama una hela ya kitu kimoja, ongeza wanyama. Watatu ni wachache mno, mbuzi mmoja sio kundi la mbuzi. Wanyama kumi au zaidi wa aina tofauti, na mbegu zilizoungua kama zipo, zitakupa zaidi kuliko binadamu wengine watano, na hutaharibu mabaki ya mtu.

Maana tunaharibu, tusijidanganye, kila kipimo ni kipande ambacho hakirudi. Kabla hujagusa jino lolote kaa uso kwa uso na mtaalamu wa mifupa ya binadamu, aliangalie, alipige picha, ahakikishe umri wa yule mtoto, na aone kama kuna mtu aliyekonda kwa njaa au ugonjwa wa muda mrefu, maana mwili unaojila wenyewe nao unapandisha naitrojeni. Kibali cha kuchimba mara nyingi sio kibali cha kutoboa, soma chako upya, na kama kuna watu wanaoyahesabu makaburi hayo kuwa ya wazee wao nenda kawaone kabla ya kwenda maabara. Halafu nenda maabara yenyewe na laptop yako, muombe aliyetoa kolajeni mpitie kila sampo pamoja, na umuulize kama mafuta yaliondolewa. Mengine hapa naweza kukujibu kwa maandishi, ila meno usianze kuyakata kwa kunisoma mimi, na mkianza kateni upande mmoja tu wa jino, ule mwingine ubaki kwenye boksi lake na lebo yake.